Bumu la Kaka

Karo yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na mwanafunzi. Kaka yangu aliingia chuo kikuu 1986, akitokea Gilgil alikopitia mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Masomo hayakumgharimu hata ndururu, na muhula ulipoanza serikali ilimpa pesa za matumizi, wanafunzi wakiziita bumu. Alijibana, akala ugali wa bwaloni, nyingine akazituma nyumbani Muthara ndani ya bahasha, mkononi mwa utingo wa matatu. Mama alizihesabu mara mbili, akazilaza chini ya godoro hadi Jumatatu.

Zamu yangu ya kuingia chuo kikuu ilifika 1992. Bumu lilikuwa limefutwa mwaka uliotangulia, na karo sasa ilikuwa juu ya mzazi. Baba akaita harambee. Bado nauona uwanja ule: meza, daftari la mistari, mzee akisoma jina na kiasi kwa sauti. Jogoo mmoja alinadiwa mara tatu, kila anayemnunua akimrudisha mezani. Kisha bibi kizee mmoja akafungua fundo la leso, akatoa shilingi 20. Mwaka mzima alikuwa amelipa kodi kila akinunua sukari na sabuni. Sasa analipa tena, mkono kwa mkono. Anayesema mlipa kodi asibebeshwe mtoto wa mwenzake sidhani amewahi kuketi kwenye harambee ya kijijini. Mzigo ulibebwa vilevile, ila uliwaelemea majirani wa maskini, ambao ni maskini wenzake.

Mkopo nao nilipata. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilipoundwa 1995 ikanifuata, nikaulipa hadi senti ya mwisho, tena kwa moyo, kwa kuwa pesa zile zilikuwa zinamwendea mwanafunzi mwingine.

Mwaka 2023 serikali ikaleta mpango mwingine: ufadhili na mkopo kupimwa kwa uwezo wa familia. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, lakini mpwa wangu alikuwa ameshajaza fomu yake zamani, tukiwa tumeketi kibarazani kwa mama yake, simu mkononi.

"Mjomba, mapato ya mama kwa mwezi niandike ngapi?"

Dada yangu alikuwa hatua chache kutoka tulipokaa, akifunga miraa kwa majani ya mgomba. Kiangazi miraa huadimika, bei ikapanda. Mvua ikishika hujaa sokoni, bei ikaanguka. Akajibu bila kuinua kichwa:

"Ya mwezi upi?"