Safari ya Mtumbwi Kutoka Ujiji

Baadhi yenu mwatuuliza jinsi ya kusafiri siku kadhaa kwa mtumbwi katika Ziwa Tanganyika, kuvua na kulala ufukoni, hali hamjapata kushika kafi. Twawajibu kwa furaha, maana sisi nasi tulianza bila kujua neno.

Tulikuwa watu 6, pamoja na mzee mvuvi wa kutuongoza. Tulikusudia kutoka Ujiji, kupita Kigoma na mwalo wa Kibirizi, kufika Mtanga karibu na Hifadhi ya Gombe, kisha kurudi siku ya 3, kwa sababu siku ya 4 tulitakiwa shuleni. Chakula tulichukua cha siku 2 tu, tukisema, "Siku ya 3 tutakula samaki wetu."

Asubuhi ya kurudi tulikuta upepo wa kusini na mawimbi meupe. Mzee akauvuta mtumbwi mchangani, akaketi. Tulimsihi, tukamwambia shule yatungoja. Akajibu, "Wanangu, ziwa halisikii kengele." Wawili wetu wakaona haya kushindwa na upepo, wakausukuma mtumbwi majini. Wimbi la kwanza likaupindua. Mmoja wao, kijana mdogo kuliko sote, hakujua kuogelea. Mzee akajitosa akamkamata kwa ukosi wa shati. Tulikaa pale siku 2, tukilishwa na wenyeji, maana samaki wetu walikuwa watatu.

Tuliona ya kuwa kosa letu halikuwa upepo, bali hesabu yetu: hatukuweka siku ya kungoja. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wapate kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Waliwategemea mabaharia wenye kulijua ziwa, wakafuata ufuko, wakalala nchi kavu. Wakarudi baada ya majuma kama 4, wamejua ya kuwa waingia.

Basi, mkitaka kwenda, yafikirini haya. Safari ya siku 3 ipangieni siku 5, na chakula cha siku 5. Samaki mtakaowapata wahesabuni kuwa kitoweo cha ziada. Kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusini huvuma sana, hasa mchana, ondokeni alfajiri. Msiiache pwani kwenda kati, kwa maana kina chafika mita 1,470, na mahali pengi huanza karibu na ufuko. Kila mtu avae boya la kujiokolea, hata ajuaye kuogelea. Kwenye midomo ya mito, kama Luiche kusini ya Ujiji, msioge wala kulala, kwa ajili ya mamba na viboko.

Kwa habari ya uvuvi, kwanza mwulizeni afisa uvuvi juu ya leseni, na kama ziwa li wazi. Kwa maana mwaka 2024 lilifungwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, kwani mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao. Ninyi watazameni toka ufukoni. Mchana jaribuni mshipi na ndoano karibu na miamba, huenda mkapata kuhe.

Tena mwenye mtumbwi akisema "Leo hapana," neno limekwisha.

Tuliporudi Ujiji siku ya 5, mama wa yule kijana alikuwa amesimama ufukoni tangu siku ya 3. Hakutugombeza. Alimshika mwanawe mkono, akatutazama, nasi tukakosa la kusema. Kwa hiyo twawaomba: mnapoaga nyumbani, msitaje siku ya kurudi peke yake. Tajeni na siku za kungoja.