Kumpangia Mwanafunzi Chumba: Tuliyojifunza Kikoni



Ndugu zetu katika imani, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa wazazi hutuuliza wapi Kampala wanaweza kuwapangia watoto wao chumba. Leo tunajibu kwa kueleza kosa letu wenyewe, huenda likamnufaisha mwingine.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Arua. Kila mwaka tunapofika mlango wa ijara, tunawahifadhisha vijana kwamba anayekodi na anayekodisha wajue mambo matatu: manufaa yanayokodiwa, ujira wake na muda wake. Vijana wanayasema kwa moyo. Lakini binti yetu alipopata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, mwalimu wao aliyasahau yote matatu.

Tulisafiri kwa basi usiku kucha, tukafika tumechoka. Dalali akatupeleka Kikoni, mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, wenye hosteli na vyumba vingi vya wanafunzi. Tukaonyeshwa chumba saa nne asubuhi. Kilikuwa safi, kimya, na si mbali na chuo. Mwenye nyumba akasema, "Lipa 750,000, mtoto asome." Tukalipa, tukapeana mikono, tukaomba dua, tukarudi nyumbani.

Hatukujua kwamba ukuta wa pili ulikuwa wa baa, na kwamba muziki ulianza baada ya Isha hadi karibu na Alfajiri. Binti hakutuambia. Alikuwa ametuona tukihesabu zile pesa, akaona haya kulalamika.

Kubwa zaidi lilikuwa la muda. Sisi tulidhani tumelipia muhula mzima. Mwenye nyumba alihesabu miezi mitatu. Muhula wa Makerere ni wiki 17, yaani karibu miezi minne, na wiki za mwisho ni za mitihani. Basi mitihani ikiwa mlangoni, binti akaambiwa alipe tena au atoe vitu vyake. Tulipopiga simu, mwenye nyumba akatuuliza: "Mwalimu, karatasi iko wapi?" Hatukuwa nayo. Hata stakabadhi hatukudai.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Tunaisomesha! Na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hapa Uganda inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba yule mzee alitudhulumu. Huenda naye aliamini hesabu yake. Kalamu ndiyo ingetuamua.

Aliyemsitiri binti yetu ni msichana wa chumba cha tatu, ambaye hata si Mwislamu. Alimkaribisha kwake hadi mtihani wa mwisho, na alfajiri alikuwa akimpisha nafasi ya kuswali. Allah amlipe kheri. Wahenga wa Kiarabu walisema jirani kwanza, kisha nyumba. Sisi tulitazama bati na rangi, jirani hatukumuuliza.

Wazazi wenzetu, chumba kitazameni mara mbili, mchana na baada ya Isha. Piteni kwa miguu ile njia mtoto atakayorudi nayo usiku kutoka maktaba, muone kama ina taa. Waulizeni wapangaji, si dalali, kuhusu maji na umeme. Andikeni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na hakikisheni imevuka mitihani.

Na kabla ya kuondoka, mwambieni mtoto wazi: ukiona tabu, tuambie, pesa si kubwa kuliko wewe. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo kwamba hatukulisema.

Wabillahi tawfiq.