Spika Hazikuwa Zimekufa



Mwaka wangu wa uchungaji niliufanyia katika parokia moja ya kijijini, nikiishi nyumba moja na padre mzee aliyekwisha kustaafu. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu: aliweza kutambua dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Ujanani alijifunza kupiga taipu bila kutazama herufi, na ujuzi huo haukumtoka. Kila siku baada ya Misa na chai alikaa mbele ya kompyuta kuandika historia ya parokia: kigango kipi kilianza chini ya mwembe, katekista yupi alitembea usiku kucha kuja kumwita padre kwa mgonjwa. "Wenzangu wa wakati ule wote wamezikwa," aliniambia. "Nikinyamaza mimi, imekwisha."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, na mimi ndiye niliyeiwekea Ubuntu 24.04. Ni mfumo endeshi wa bure, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Ndani yake mna programu iitwayo Orca, inayowasomea wasioona yaliyoandikwa kwenye skrini. Unabonyeza kwa pamoja Alt, S na kitufe chenye nembo ya Windows, nayo inaanza kusema. Sauti inatolewa na programu nyingine, eSpeak NG, ambayo Kiswahili inakijua, ingawa lafudhi yake ni ya chuma. "Huyu anaongea kama mmisionari wa wiki ya kwanza," Padre alikuwa akicheka. Lakini kila alipomaliza aya, mmisionari huyo alimsomea, naye akasahihisha.

Jumatatu moja asubuhi akaniita. "Frateri, kompyuta imenuna."

Nilikuwa na haraka, pikipiki ya kunipeleka kigangoni ikinisubiri nje. Nikazungusha kitufe cha sauti cha spika, nikaona taa yake inawaka, nikasema, "Spika zimekufa, Padre. Nitaongea na paroko tununue nyingine."

"Haya, mwanangu. Mimi nitaendelea kuandika. Jioni utakuja kunisomea."

Jioni ile sikwenda. Wala Jumanne. Wala Jumatano.

Alhamisi nikaketi, nikafungua faili. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: "latelosta wa lwamza". Nikashuka chini. Kurasa sita nzima zilikuwa hivyo hivyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesogea kitufe kimoja kwenda kulia, na bila sauti ya kumwambia, hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa amekusudia kuandika "katekista wa kwanza". Siku tatu za kazi ya mzee, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia papo hapo. Nikaanza na spika. Nilichomoa waya wake kwenye kompyuta, nikauchomeka kwenye simu yangu, nikafungua wimbo. Chumba kikajaa kwaya. Spika zilikuwa nzima. Nilikuwa nimetoa hukumu bila kusikiliza kesi.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Katika mifumo ya Linux sauti hupita milango kadhaa kabla ya kufika sikioni. Chini kabisa, katika kiini cha mfumo, kuna ALSA, inayozungumza na kadi ya sauti. Juu yake kuna seva ya sauti, ambayo hupokea sauti za programu zote na kuamua zitokee wapi. Zamani Ubuntu ilitumia PulseAudio, na tangu toleo la 22.10 inatumia PipeWire. Juu ya hapo ndipo zilipo programu zenyewe, kama Orca. Anayetafuta kosa afanye kama fundi bomba anayefuata maji kutoka kwenye tangi: kiungo kimoja kimoja, bila kuruka.

Mlango wa kwanza: je, mfumo unaiona kadi ya sauti? Nilifungua terminali nikaandika aplay -l. Jina la kadi likatokea. Kama lisingetokea, tatizo lingekuwa kadi yenyewe au kiendeshi chake.

Mlango wa pili: je, kuna mahali sauti imezimwa? Niliandika alsamixer, nikabonyeza F6, nikachagua kadi. Hapo zinaonekana nguzo za sauti, na chini ya nguzo kuna kisanduku. Kikisoma MM, sauti imefungwa. Unabonyeza M nayo inafunguka, kisanduku kisome 00. Wengi hukuta ugonjwa wao hapa. Mimi nilikuta 00 kila mahali, na nguzo ziko juu.

Mlango wa tatu: pengine seva ya sauti imekwama. Nikaiwasha upya kwa amri systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber. Kimya.

Nikasakinisha programu ndogo iitwayo pavucontrol, nikaenda upande ulioandikwa Configuration. Hapo nikajikuta mimi mwenyewe. Kadi ilikuwa imeelekezwa kwenye HDMI, ule waya wa televisheni. Jumapili usiku nilikuwa nimeibeba kompyuta hadi ukumbini kuwaonyesha vijana filamu. Sauti ilipokataa kutoka kwenye televisheni, nilibadilisha mpangilio huu kwa mkono wangu. Niliporudi nilirudisha nyaya zote mahali pake, ila mpangilio sikuurudisha. Siku nne kompyuta ilikuwa ikimsomea mzee kila neno kwa utii, lakini ikiisemesha televisheni isiyokuwepo.

Nikachagua Analog Stereo Duplex. Mara ile mmisionari akaanza kusoma majina ya vitufe kwa lafudhi yake. Nikasikia fimbo ya Padre kutoka barazani.

"Amerudi?"

"Amerudi, Padre. Spika hazikuwa zimekufa. Ni mimi niliyekosea Jumapili, na Jumatatu sikuangalia." Kisha nikamweleza habari za zile kurasa sita.

Alinyamaza kidogo. Nilitegemea karipio, nami nilikuwa nalistahili. Akauliza, "Mkono mmoja tu ndio uliosogea?"

"Wa kulia tu."

"Basi hazijapotea. Kila herufi ina mwenyewe."

Kumbe mpiga taipu wa zamani aliona nisichokiona mimi mwenye macho. Pale palipoandikwa l, mwenyewe ni k. Palipoandikwa o, mwenyewe ni i. Tukatumia amri ya kutafuta na kubadilisha, herufi moja kwa faili zima, yeye akitaja na mimi nikibonyeza. Alisisitiza utaratibu: kwanza u zote ziwe y, ndipo i ziwe u, ndipo o ziwe i, ndipo p ziwe o. Ukianza na o, i mpya zitachanganyika na zile zinazosubiri zamu yao, na hutazitenganisha tena. Tulipofika kwenye alama za vituo, katekista wa kwanza alikuwa amerudi na jina lake, na safari yake ya usiku. Mmisionari akasoma kurasa zote sita, Padre akisikiliza ameinamisha kichwa.

Alipomaliza aliniambia neno moja tu: "Siku nyingine, ukisema utakuja jioni, njoo."

Amri zile nimeziandika kwenye daftari, na nimezieleza hapa kwa ajili ya frateri au katibu wa parokia ambaye kompyuta yake itanuna. Lakini somo langu lilikuwa katika neno lile la Padre. Hitilafu ilinichukua dakika kama ishirini kuimaliza. Kama ningempa mzee dakika hizo Jumatatu, au walau ningekwenda kumsomea jioni kama tulivyoagana, asingeandika siku tatu gizani.

Tangu siku ile, nikirudi kutoka ukumbini, kabla sijalala naiwasha kompyuta na kumngoja mmisionari aseme. Akisema, ndipo nazima taa.