Kabla ya Rangi na Zulia: Tulivyopanga Bajeti ya Besimenti Yetu



Ndugu wasomaji, tangu tulipomaliza kutengeneza besimenti ya nyumba yetu hapa Ottawa, Kanada, mwishoni mwa 2023, familia kadhaa zimetuuliza maswali mawili: iligharimu kiasi gani, na fedha tulizipata wapi bila kuingia kwenye riba. Tumeona ni bora tujibu kwa maandishi, ili mwenye nia kama yetu apate pa kuanzia, na mwanafunzi anayekuja huku kusoma ajue ni chumba cha namna gani anakwenda kupanga.

Kwa wasomaji wetu wa Bujumbura, Kigali na Kampala, kwanza tueleze besimenti ni nini. Huku, wakati wa baridi, ardhi huganda kwa kina cha zaidi ya mita moja. Ardhi ikiganda huvimba na kuinua kilichojengwa juu yake, kwa hiyo msingi wa nyumba lazima ushuke chini ya pale barafu inapofika. Kwa kuwa shimo limeshachimbwa, watu hulifanya kuwa orofa nzima ya chini ya ardhi. Nyumba nyingi huuzwa orofa hiyo ikiwa tupu: kuta za zege, sakafu ya zege, mabomba na nyaya nje nje, na tanuri la gesi linalopasha nyumba joto. Kuimaliza maana yake ni kuigeuza iwe mahali pa kuishi.

1. NANI ATALALA WAPI?

Sababu yetu ilikuwa Bibi. Mama yetu alikuwa anakuja kutoka Buyenzi kukaa nasi, umri umekwenda na magoti yanamsumbua. Watu wengi walidhani tunamtengenezea yeye chumba cha chini. Hapana. Ngazi kumi na tatu kwa mtu wa magoti mabovu, mara tano kwa siku na zaidi, ni adhabu. Tuliamua Bibi achukue chumba cha juu karibu na choo, na wavulana wetu wawili wakubwa washuke chini.

Uamuzi huo mmoja ndio uliochora ramani yote. Chini kulihitajika chumba kimoja cha kulala, choo na bafu, na ukumbi wa kusomea Qur'ani na kukaribisha wageni. Tulinunua gundi ya karatasi, tukaichora ramani juu ya sakafu ya zege: hapa ukuta, hapa mlango, hapa kitanda, huku ndiko kibla. Kwa wiki mbili watoto walipita ndani ya "vyumba" hivyo. Tuligundua mlango wa bafu ungegonga kitanda, tukausogeza. Kusogeza gundi hakugharimu kitu.

2. FEDHA

Mwanzoni mwa 2021 tuliita makandarasi watatu waje kupima na kutuandikia makadirio ya kazi nzima. Walituletea dola za Kanada 47,000, 56,500 na 69,000. Msomaji aangalie jambo moja: bei hizo hazikuwa na kodi. Hapa Ontario kodi ya mauzo ni asilimia 13, kwa hiyo yule wa 47,000 hakuwa wa 47,000. Alikuwa wa 53,110. Anayepanga bajeti na kuisahau kodi atakwama sakafu ikiwa nusu.

Sisi tulikuwa na 19,000 za akiba, na uwezo wa kuweka 900 kila mwezi, nyingine kupitia upatu wa familia kumi tunaoaminiana. Benki yetu ilituandikia barua nzuri sana, ikitaka kutupa mkopo wa haraka kwa dhamana ya nyumba. Nyumba yenyewe tuliinunua kwa mkataba wa ushirika usio na riba, tena baada ya kusubiri miaka. Hatukutaka tuingize kwa mlango wa chini kile tulichokizuia mlango wa mbele.

Basi tukarudi kwenye desturi tuliyokua nayo. Buyenzi, kama sehemu nyingi za kwetu, nyumba hujengwa kwa awamu: mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati likipatikana linapandishwa. Hapa Kanada jirani zetu waliona ajabu, kwa kuwa wamezoea kazi ianze na iishe ndani ya wiki nane. Lakini besimenti inakubali awamu kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, kwa sababu familia inaendelea kuishi juu. Tuligawa kazi katika miaka mitatu, na tukajiwekea sharti kwamba awamu haianzi mpaka fedha yake yote iwe mkononi.

Tulimuuliza pia imamu wetu kuhusu zaka. Alitujibu kwamba akiba iliyofika kiwango na kupitiwa na mwaka inatolewa zaka hata kama mwenyewe ameipangia ujenzi. Hivyo asilimia 2.5 iliingia kwenye bajeti kama gharama nyingine yoyote. Kwa zile 19,000 ilikuwa dola 475.

3. AWAMU YA KWANZA: MAJI NA HEWA (2021)

Awamu hii haikuongeza hata kitu kimoja cha kuonyesha wageni. Ndiyo tunayoisisitiza zaidi.

Kwanza maji. Theluji inapoyeyuka Machi na Aprili, maji hutafuta njia ya kuingia. Tulibandika vipande vya nailoni juu ya zege, tukaziba kingo zote kwa gundi, tukaviacha siku tatu. Nailoni ikilowa upande wa chini, unyevu unatoka sakafuni. Ikilowa juu, unatoka hewani ya ndani. Yetu ilibaki kavu, lakini ukuta wa kaskazini ulikuwa na nyufa mbili zilizolia maji kila mvua kubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ungeujenga mara mbili, kwani ungebomoa ule mpya kwanza. Nyufa zilizibwa kwa dola 1,400. Mifereji ya paa kurekebishwa na udongo kuinamishwa ili maji yaende mbali na nyumba, 1,650.

Pili hewa. Udongo una urani kidogo, nayo ikioza hutoa gesi iitwayo radoni. Haina rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa na kujikusanya orofa ya chini, na ni ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu. Wizara ya Afya ya Kanada inasema nyumba ikizidi bekereli 200 kwa mita ya ujazo irekebishwe, na inashauri kipimo kikae miezi mitatu au zaidi katika msimu wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa. Tuliweka kipimo cha dola 60 kuanzia Novemba 2020 hadi Februari 2021. Kilisoma 310. Fundi alitoboa sakafu, akaweka bomba na feni inayovuta gesi kutoka chini ya zege na kuitoa nje, kwa 3,100. Majira ya baridi yaliyofuata tulipima tena: 45.

Jumla ya awamu ya kwanza: 6,210. Shemeji yetu alikuja kutembea, akaangalia, akauliza, "Sasa hizo elfu sita ziko wapi?" Tulimwambia zimo katika mapafu ya wapwa zake.

4. AWAMU YA PILI: DIRISHA (2022)

Hapa ndipo tulipojaribiwa. Besimenti yetu ilikuwa na vidirisha vidogo vya juu ambavyo paka angepita kwa shida. Sheria ya ujenzi ya Ontario inataka orofa yenye chumba cha kulala iwe na angalau dirisha moja linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa, lenye uwazi usiopungua mita za mraba 0.35, na upande wowote usipungue milimita 380. Isipokuwa kama orofa hiyo ina mlango wake wa kutokea moja kwa moja nje. Sababu yake ni moto. Ngazi zikijaa moshi, aliye chini hana njia nyingine.

Kukata zege, kuchimba kisima cha nje cha dirisha na kuweka mfereji wa maji chini yake kulikadiriwa kuwa 6,200. Fundi mmoja, mtu mwema kwa mambo mengine, alitushauri: "Kwenye ramani andikeni 'ofisi'. Mkaguzi akishaondoka, ingizeni vitanda. Kila mtu hufanya hivyo."

Dola 6,200 kwetu ni karibu miezi saba ya akiba. Tulizungumza usiku ule mume na mke kwa muda mrefu, kwa sababu Bibi alikuwa anasubiri na tulitamani kumaliza. Mwisho tuliona maswali ni mawili tu. La kwanza, karatasi ile ingekuwa na jina letu chini ya maneno yasiyo ya kweli. La pili, wanaolala mle ni wanetu, na moto hausomi ramani. Tulimshukuru fundi, tukatafuta mwingine.

Kabla ya kuchimba tulipiga simu Ontario One Call, huduma ya bure inayowaita wenye mabomba ya gesi na nyaya za umeme waje kuweka alama mahali vilipopita. Kisheria ni lazima upige. Ramani na vibali vilitugharimu 1,300, umeme 5,400, mabomba 4,700, na mbao pamoja na vizuia baridi 6,100. Kwa upande wa baridi, ubao wa povu ulibandikwa moja kwa moja kwenye zege, ndipo fremu za mbao zikasimamishwa mbele yake. Hewa ya joto ya ndani ikigusa zege baridi hugeuka maji, na maji nyuma ya ukuta huzaa kuvu. Ving'ora vya moshi viliwekwa chumbani na ukumbini, vimeunganishwa na vya juu ili kimoja kikilia vyote vilie. Jumla ya awamu: 23,700.

Tulikuwa pia na fungu la dharura la asilimia 15 ya bajeti yote, yaani 6,264. Fundi bomba alipovunja sakafu ya bafu alikuta bomba la chuma la mwaka 1968, nyumba ilipojengwa, limeliwa na kutu. Dola 3,900 ziliondoka siku mbili. Bila fungu lile, barua ya benki ingesomwa tena kwa jicho jingine.

5. AWAMU YA TATU: YANAYOONEKANA (2023)

Bodi za jipsamu na kuzipiga lipu 5,200, sakafu 2,300, vifaa vya bafu 2,900 pamoja na bomba la chini la kutawadhia, milango na rangi 1,450. Jumla 11,850. Rangi tulipaka wenyewe na watoto, Jumamosi tatu. Mbele ya dirisha tuliwafundisha wavulana kulifungua, kutoka, na kwenda kusubiri chini ya mti wa jirani. Walifanya gizani pia, wamefumba macho.

Kwa ujumla bajeti ilikuwa 41,760, na dharura 3,900, jumla 45,660, kodi ikiwamo. Bibi alifika Oktoba. Chumba chake kilikuwa tayari, na hakuna mtu tunayemlipa kila mwezi kwa ajili yake. Alhamdulillah.

6. KWA WANAFUNZI

Wengi wenu mtakaokuja kusoma Kanada au Marekani mtapanga besimenti, kwa sababu ni rahisi. Kabla ya kulipa, nendeni mkaone kwa macho, au mtume ndugu. Fungueni dirisha: mwili wako unapita? Bonyezeni king'ora: kinalia? Nuseni pembe za kuta: kuna harufu ya kuvu? Ulizeni kama radoni imepimwa. Mwenye nyumba akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kujibu. Zulia jipya na rangi nyeupe visikudanganye. Hivyo ndivyo vya rahisi kuliko vyote.

Kwa familia, ushauri wetu ni mfupi. Andikeni kwanza maji, hewa na njia ya kutokea, mviwekee fedha, ndipo kinachobaki kiamue uzuri. Zikitosha mwaka huu, heri. Zisipotosha, zege halina haraka.

Tunamuomba Allah azifanye nyumba zetu kuwa za amani na awahifadhi watoto wetu walalapo. Amin.