Wanagenzi wa kripto

Mwenye saiba huambiwa mengi asiyouliza. Ukikaa Majengo, Mombasa, na kompyuta zako, printa yako na kidirisha cha M-Pesa pembeni, utajua nani anataka talaka kabla kadhi hajajua, nani kapata kazi Doha kabla mamake hajaambiwa, na kila mtindo mpya wa kusaka pesa utapita mezani kwako kabla haujafika magazetini. Niliona kamari za mpira zikiingia, nikaona forex, nikaona upatu wa kila jina. Kripto niliiona tangu ilipokuwa siri ya vijana wawili watatu. Bei yake imepanda na kushuka mpaka nimezoea. Nisichozoea ni jinsi anayeanza leo asivyofanana hata chembe na aliyeanza 2017.

Yule wa 2017 alikuja na Bitcoin kichwani, basi. Mwaka ule ulianza bei ikicheza kwenye dola 1,000, ikafika Desemba inakaribia 20,000. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imekwisha kutoa onyo tangu Desemba 2015, kwamba sarafu hizi si pesa halali nchini na anayepoteza hana wa kumlilia. Onyo lile nililichapisha nikalibandika ukutani, juu ya swichi. Vijana walikuwa wakilisoma wakingoja ukurasa ufunguke, ukifunguka wanaendelea na shughuli zao.

Soko lenyewe lilikuwa LocalBitcoins, jukwaa lililoendeshwa kutoka Helsinki, Ufini. Unatafuta muuzaji aliye Kenya, mnaelewana bei, unamlipa kwa M-Pesa au mnapanga kukutana ana kwa ana. Wengi walipenda kukutana, na baadhi walikutania kwangu kwa sababu intaneti ilikuwa ya uhakika na mlangoni palikuwa na mlinzi. Muuzaji anatuma, kisha wote wawili wanakodolea simu wakisubiri muamala uthibitishwe. Siku za kawaida ni kama dakika kumi. Desemba ile mtandao wa Bitcoin ulijaa, ada zikapanda ajabu, na watu waliketi saa nzima na noti zimelala mezani chini ya kiganja cha mwenyewe. Chai inapoa. Hakuna anayetaka kuinuka wa kwanza, hata kwenda msalani.

Kijana mmoja wa Kisauni siku moja aliniletea simu akitaka nimchapishie maneno kumi na mawili ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye kioo. Maneno ya kawaida tu, ya vitu na vitendo, hayana uhusiano. Nikamuuliza ni ya nini.

“Ni ya pochi yangu, ami. Simu ikipotea, nikiwa na hayo maneno napata kila kitu changu.”

“Na mimi nikiwa nayo?”

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba kompyuta ile ilikuwa imetumiwa na nusu ya mtaa tangu asubuhi, na kwamba faili likishachapishwa hubaki mahali fulani hata ukidhani umelifuta. Nikampa kalamu na karatasi. Akaenda kukaa kona ya mwisho, mgongo ukutani, akaandika kwa mkono neno moja moja, akihakiki kila herufi, kisha akaandika tena nakala ya pili akampelekee nyanyake amwekee sandukuni. Nyanyake hakujua kusoma Kiingereza, na yeye aliona hiyo ndiyo sifa bora ya mlinzi.

Wale wa enzi hiyo walianzia hapo: ufunguo ni wako, ukiupoteza hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Walijifunza jinsi kripto inavyofanya kazi kabla ya kujifunza kupata faida, na faida wengi hawakuiona kabisa, kwa sababu mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa imeporomoka hadi dola elfu tatu na kitu. Mwaka 2019 sikusikia neno Bitcoin dukani kwangu ila kwa dhihaka. Jirani ng'ambo ya mpaka waliambiwa waziwazi zaidi: Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, na binamu yangu wa Tanga akaniomba nisimtumie tena kiungo chochote cha habari hizo kwenye WhatsApp.

Sarafu zilirudi na korona. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliridhia kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa kipandishwe kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000, ili watu wapunguze kushika noti. Sidhani kama aliyepanga hilo aliwaza kripto hata kidogo. Lakini watu walikuwa nyumbani, simu mkononi, na masoko makubwa kama Binance yalikuwa yamefungua uwanja wa kuuziana mtu kwa mtu kwa shilingi za Kenya. Hapo ndipo mwanagenzi wa aina ya pili alipozaliwa, na huyu ndiye niliyemhudumia kwa wingi kuliko wote.

Huyu hakununua Bitcoin kwanza. Alinunua USDT, sarafu inayokusudiwa kukaa sawa na dola moja. Akishajisajili kwa kitambulisho na picha ya uso, anafungua orodha ya wauzaji: jina la kila mmoja, bei yake kwa shilingi, biashara alizokwisha kufanya, asilimia alizokamilisha. Anachagua. Jukwaa linazishika sarafu za muuzaji zisiende popote, saa inaanza kuhesabu dakika kumi na tano kurudi nyuma, mnunuzi anatuma pesa kwa M-Pesa, anabonyeza kwamba amelipa, muuzaji anatazama simu yake kisha anaachilia. Chai imekwisha, kutazamana kumekwisha. Biashara iliyokuja duniani ikijigamba kwamba haina haja ya mtu wa kati iliingia kwetu kupitia kidirisha cha wakala wa M-Pesa, na mimi wakala nilikuwa nikicheka peke yangu.

Na kwa kuwa pesa ilipita M-Pesa, wezi nao walikuja na ujuzi wao wa M-Pesa. Kuuza kulikuwa na hatari zaidi kuliko kununua, jambo ambalo anayeanza halimwingii akilini. Nakumbuka mwanafunzi wa chuo, binti wa jirani, ameuza USDT za kama shilingi elfu thelathini alizolipwa kwa kazi za uandishi wa mtandaoni. Simu ikalia. Ujumbe una kila kitu: msimbo wa herufi kubwa na tarakimu, kiasi, jina, tarehe, salio jipya. Kidole kikawa kinakwenda kwenye kitufe cha kuachilia. Mnunuzi naye akapiga simu, sauti ya haraka: “Dada, muda unakwisha, achilia, nina mteja ananisubiri.”

“Usisome ujumbe,” nikamwambia, “soma salio.”

Salio lilikuwa shilingi mia nne na kitu, zilezile za asubuhi. Tukautazama ule ujumbe vizuri. Jumbe za kweli huingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile za zamani zote. Huu ulitoka kwenye namba ya kawaida kama ya shangazi, na salio “jipya” lililoandikwa lilikuwa la mtu mwenye pesa kuliko yeye. Hakuachilia. Akafungua malalamiko kwenye jukwaa, akapiga picha kioo, na mnunuzi akapotea kabla ya saa kufika sifuri.

Kulikuwa na ujanja mwingine mbaya zaidi, kwa kuwa pesa yake ni ya kweli. Mtu anakulipa, unaachilia sarafu, kisha anaomba mtandao wa simu umrudishie akidai alikosea namba. Au pesa inatoka kwa jina lisilo la mnunuzi, na baada ya wiki unaambiwa iliibwa kwa mtu Eldoret. Ndiyo maana nikawa na kanuni moja kwa kila aliyeketi kwangu: jina lililo kwenye M-Pesa lifanane na jina lililo kwenye jukwaa, la sivyo rudisha pesa palepale na ufute biashara. Wachache waliniona mkali. Wale wa 2017 walilinda maneno kumi na mawili; hawa ilibidi walinde macho yao yasisome haraka.

Sitakaa sana kwenye wale waliotoka hapo wakaingia biashara ya mkopo, mara ishirini, mara hamsini, mara mia ya pesa yako. Bei ikisogea kidogo tu upande usio wako, umeunguza akaunti, na niliona nyuso za kutosha. Wala kwenye makundi ya Telegram yaliyouza vidokezo vya bei. Kama kidokezo kina thamani hiyo, mwenyewe angekitumia akanyamaza. Na wale waliokuja na “uwekezaji wa kripto” unaolipa kila siku ukileta watu wawili niliwauliza swali lilelile la miaka yote: faida inatoka wapi? Hawakuwahi kunijibu kwa sentensi isiyo na neno “kuleta”.

Kilichowapunguza vijana kiburi ni 2022. Mei, sarafu ya Luna iliyokuwa juu ya dola 80 mwezi uliotangulia ikawa haina thamani kwa siku chache, pamoja na sarafu mwenzake iliyojiita dola. Novemba likaanguka soko la FTX. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alikuja kufungwa miaka 25 nchini Marekani, lakini wakati ule vijana wangu walijua jambo moja tu: kuna watu walioingia akauntini wakaona salio na wasiweze kulitoa. Ghafla ile habari ya funguo na karatasi, iliyoonekana ushamba wa 2017, ikawa na wanafunzi wapya. Nikauza madaftari madogo wiki ile.

Kisha Julai na Agosti 2023 walianza watu ambao hata hawakuomba kuanza. Mradi wa sarafu wa Worldcoin ulikuwa ukipiga picha mboni za macho Nairobi, na foleni pale KICC zilionekana kwenye kila simu. Ukitazama kwenye kile kifaa cha duara unapewa sarafu zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi mwanzoni mwa Agosti, Wakenya zaidi ya 350,000 wakiwa wamekwisha kusajiliwa. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Alinipigia simu akiwa bado kwenye viwanja vile: “Mjomba, nimepata, sasa nazigeuzaje ziwe pesa ya matatu?” Mtu wa kwanza niliyemfundisha kripto kwa kuanzia kuuza.

Mwaka huohuo ndio dola ilikuwa adimu. Januari 2023 ilikuwa shilingi 124 hivi, Januari 2024 ikagusa 160. Waliokaa na USDT walitembea kifua mbele, wakaniambia wamepata akiba isiyochezewa. Kufika Machi shilingi ilikuwa imejikaza hadi kama 130, na aliyenunua kwenye kilele alipoteza karibu moja ya tano bila sarafu yake kusogea hata senti. Iko sawa na dola, naam. Kodi ya nyumba Majengo hailipwi kwa dola.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kuhesabu. Kuanzia Septemba 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani yote ya mali ya kidijitali inayouzwa, uwe umepata faida au hasara. Tanzania ilipoleta asilimia 3 yake mwaka 2024, binamu wa Tanga alifurahi kuliko mlipa kodi yeyote niliyepata kumwona, kwa hoja kwamba kinachotozwa kodi hakiwezi kukufunga. Kwangu kila Juni watu hupanga foleni wajaziwe ritani za KRA, na katika foleni hizo zote hakuna aliyewahi kunitajia sarafu. Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta kodi hiyo ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Oktoba 2025 ikatiwa saini sheria ya watoa huduma za mali pepe, ikaanza kutumika Novemba, na Benki Kuu iliyotuonya 2015 sasa ni mmoja wa wasimamizi, pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Lile onyo lilikuwa bado lipo juu ya swichi, limegeuka rangi ya chai. Nikaliondoa nikabandika bei mpya za kuchapisha rangi.

Anayeanza siku hizi mara nyingi si kijana. Ni mama wa duka la vyombo aliyeelekezwa na mwenzake kwamba msambazaji wa Guangzhou anapokea USDT na mzigo unatoka siku hiyohiyo, wakati benki ingemchukua siku kadhaa na makato. Haulizi itapanda lini. Anauliza bei ya leo, anuani ya kutuma, na kwa nini kuna majina mawili ya mtandao, TRC20 na ERC20. Hapo namsimamisha. Ukimtumia mtu kwenye mtandao asioupokea, sarafu zinaweza kupotea jumla, kwa hiyo tunatuma kwanza kidogo, kama dola tano, tunamngoja Mchina aseme imefika, ndipo tunatuma iliyobaki. Huyu wa wiki iliyopita alizoea haraka. Alipomaliza alivua miwani.

“Mwanangu, hii Bitcoin wanayoipigia kelele redioni ndiyo hii?”

“Siyo, mama. Hiyo ni nyingine.”

“Basi afadhali,” akasema, akanipa ankara ya mzigo nimtolee nakala tatu.