Daftari Moja kwa Nyumba Moja

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia, hata hivyo, ni kitu gani hupotea katika nyumba yenye madaftari mawili ya mali moja. Mimi nimekiona kikianza kupotea: ni kuaminiana.

Nyumbani kwetu Kinyala, wilayani Rungwe, ada za wajukuu hutokana na viazi, ndizi na maziwa. Hesabu huandikwa na wanangu wawili. Binti yangu ana kompyuta mpya yenye Windows. Kaka yake hutumia kompyuta kuukuu isiyoweza kupokea Windows 11. Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025, kijana aliweka Linux, mfumo usiolipiwa ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki.

Tangu hapo hesabu zikawa zinasafiri kwa flashi. Dada aliongeza mauzo ya viazi katika nakala yake, kaka akasahihisha maziwa katika nakala yake. Msimu ulipokwisha, jumla mbili zilipishana. Hapakuwa na aliyechukua hata senti moja, lakini jioni moja nilimsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Fedha za maziwa ulizipeleka wapi?" Swali kama hilo likirudiwa mara tatu, ndugu huanza kula chakula bila kuzungumza.

Jirani mmoja alitushauri tununue kompyuta nyingine ya Windows. Mwingine alisema tununue bando, tuweke hesabu katika intaneti. Mashauri yote mawili yalidai fedha zile zile za ada. Isitoshe, watu wengi hudhani kwamba mtandao na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Ruta ndogo ya nyumbani huziunganisha kompyuta hata bando likiwa limekwisha, maana habari hazitoki nje ya nyumba.

Kilichokosekana kilikuwa lugha ya kuelewana. Windows hugawana mafaili kwa itifaki iitwayo SMB. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell wa Canberra, Australia, alianza kuandika programu iliyoziwezesha kompyuta za mifumo mingine kuizungumza. Baadaye aliipa jina Samba, baada ya kutafuta neno lenye herufi s, m na b. Programu hiyo nayo hailipiwi.

Kijana aliiweka Samba, akatenga folda moja tu ya hesabu, akamwandikia dada yake jina na neno la siri. Hapa pana jambo la kuangalia: neno la siri la Samba huwekwa peke yake, hata kama mtu tayari analo la kuingilia Linux. Kisha aliipangia ruta iipe kompyuta hiyo anwani moja daima, 192.168.1.10, ili umeme ukikatika na kurudi isibadilike. Dada akaiandika anwani hiyo pamoja na jina la folda, na daftari likafunguka mbele yake. Toleo la kwanza la SMB waliliacha limefungwa, kwani kirusi WannaCry kilichoenea Mei 2017 kilipitia humo.

Ilibidi pia wapatane juu ya majina. Kwa Linux, "Viazi" na "viazi" ni mafaili mawili. Kwa Windows ni moja. Wakakubaliana kutumia herufi ndogo. Wote wawili hutumia LibreOffice. Mmoja akiwa amelifungua daftari, mwingine huonywa kwamba linatumika, naye husubiri zamu yake.

Wanyakyusa tuna neno ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio kwa maelewano. Neno hilo halidai watu wafanane. Kompyuta zetu bado hazifanani, wala wanangu hawafanani. Lakini jumla ni moja, na swali lile sijalisikia tena.

Ndugu msomaji, ukiwa na nyumba kama yangu, usikimbilie kununua. Anza kwa kuziunganisha ulizo nazo. Na kila Jumamosi toa nakala katika diski ya pembeni, kwa maana daftari moja likiungua, mali yote imebaki bila habari.