Doti Nne za Mteja Mmoja

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti, nami nimekaa kwenye baraza ya duka la ami yangu, Biashara Street, hapa Mombasa. Msomaji aijuaye barabara hiyo hahitaji kusimuliwa: leso zimetundikwa toka mlangoni hadi juu, na mafundi wako nje na cherehani zao, wakikupindia leso yako papo hapo.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtengenezea ami fomu ya kuagizia leso katika tovuti ya duka. Mteja huandika jina lake, simu na leso aitakayo, kisha hubonyeza "Tuma". Kwa kawaida kivinjari hupeleka fomu chenyewe na kufungua ukurasa upya. Mimi, kwa kujifanya fundi, nikakizuia kwa JavaScript ili agizo liende kimyakimya. (Lugha hiyo Brendan Eich aliiunda kwa siku 10 tu mwaka 1995. Naona na yeye aliharakishwa!)

Kimya hicho ndicho kilichoniponza. Nilisahau kumwarifu mteja kwamba agizo limefika. Mama mmoja wa Malindi akabonyeza, asione kitu. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Ami akapokea doti nne, akampa fundi, zikakatwa na kupindwa zote.

"Haya bwana kompyuta, mama ataka moja tu. Hizi tatu utajifunga wewe?"

Mafundi waliangua kicheko. Mimi nikatazama chini.

Usiku ule sikulala. Nikafanya kitufe kikibonyezwa mara moja kijifunge, na hapo hapo paandikwe "Subiri kidogo". Jibu likirudi, mteja husoma "Tumepokea". Mtandao ukikatika, kitufe hufunguka na maandishi yake yote yabaki. Lakini hiyo haikutosha, kwani agizo laweza kufika salama na jibu likapotea njiani, naye akatuma mara ya pili. Basi kila agizo nikalipa namba yake tangu fomu inapofunguliwa. Seva ikiona namba ileile tena, huiacha.

Asubuhi ami akajaribu mwenyewe, akabonyeza kama mtu agongaye mlango wa mdeni. Likaingia agizo moja.

"Na zile tatu?" akauliza.

Mbili zimeshanunuliwa. Ya tatu iko kabatini mwa duka mpaka leo, na kila nipitapo ami huniuliza kama nimemletea mteja.